Nyumba ya Paula katika mji wa Bremen

Wiki hii tunawapeleka mbali kidogo, mpaka Ujerumani, katika mji wa Bremen. Si Berlin, ambayo kila mtu anaisikia kwenye redio. Bremen ni mji wa kadiri, wenye watu zaidi kidogo ya nusu milioni, umekaa kando ya mto Weser, karibu kilometa 60 kabla mto huo haujamwagika baharini. Ni mji wa wafanyabiashara: kahawa, pamba na tumbaku vimepita pale miaka na miaka. Watoto wenu wanaopenda hadithi pengine wanaujua kwa habari ya punda, mbwa, paka na jogoo waliozeeka, wakakimbia mabwana zao na kuamua kwenda Bremen kuwa wanamuziki.

Sisi hatuendi kwa ajili ya punda. Tunaenda kwa sababu katika mji huo, tarehe 2 Juni 1927, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi za mwanamke mchoraji. Jina lake Paula Modersohn-Becker. Aliishi miaka 31 tu. Alikufa akiwa mzazi, mtoto wake ana siku 18. Mimi ni mwalimu, si mjuzi wa sanaa, lakini nilipojua kwamba huyo Paula naye alisomea ualimu kwanza, nikafuata habari yake mpaka mwisho.

Alizaliwa Dresden mwaka 1876, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa injinia wa reli. Familia ikahamia Bremen mwaka 1888, Paula akiwa na miaka 12. Tangu utoto alipenda kuchora, ila baba yake aliwaza kama wazazi wengi wa kwetu wanavyowaza mtoto anapochagua seksiyo shuleni: kwanza kazi inayolisha, mengine baadaye. Kwa hiyo kuanzia 1893 mpaka 1895 Paula alikaa katika shule ya walimu ya Bremen, akamaliza na diploma mkononi. Baba akafurahi. Moyo wa binti haukuwa darasani.

Mwaka 1896 akaenda Berlin kujifunza kuchora, jamaa wakimsaidia kwa fedha. Lakini angeingia shule gani? Wakati ule shule kubwa za serikali za sanaa Ujerumani hazikupokea wasichana. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1919 tu, wakati Paula alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 12. Shule iliyompokea ilikuwa shule ya kuchora ya chama cha wanawake wachoraji wa Berlin, chama kilichoanzishwa mwaka 1867. Wanawake walioona kwamba mlango wa serikali umefungwa walijiunga, wakafungua shule yao wenyewe. Naomba msome sentensi hiyo mara mbili, hasa ninyi wa vikundi vya akiba mnaoulizwa kila siku na mabwana zenu kwamba hiyo mikutano ya Alhamisi inaleta faida gani.

Kutoka Berlin Paula alikwenda kuishi Worpswede, kijiji cha matope na mifereji karibu na Bremen, ambako watu walichimba udongo mweusi wa mabwawa, wakaukausha na kuuchoma kama makala. Wachoraji kadhaa wanaume walikuwa wamehamia pale kabla yake. Walipenda mbingu ya mahali pale, miti myeupe, mwanga juu ya maji. Paula naye alichora miti, lakini zaidi aliingia katika nyumba za maskini. Akawaketisha mbele yake watoto wenye kamasi, wasichana wachunga bukini, wamama wanaonyonyesha, na wazee wa kike waliotunzwa katika nyumba ya maskini ya kijiji. Hakuwapamba. Mkono uliochoka kwa kazi aliuchora mkubwa na mzito, na uso wa mtoto mgonjwa aliuacha na ugonjwa wake.

Watu hawakupenda. Mwisho wa mwaka 1899 baadhi ya kazi zake zilionyeshwa katika Kunsthalle, nyumba kubwa ya sanaa ya Bremen. Mwandishi mmoja wa gazeti, Arthur Fitger, aliyekuwa mchoraji pia, alizitukana vibaya mbele ya mji mzima, na picha zikaondolewa ukutani. Paula alikuwa na miaka 23. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia mwaka 1900, alipanda treni kwenda Paris kuendelea kujifunza. Sijui ni wangapi kati yetu, tukitukanwa gazetini namna ile, tungekata tiketi badala ya kujifungia chumbani.

Mwaka 1901 aliolewa na Otto Modersohn, mmoja wa wale wachoraji wa Worpswede, mjane mwenye binti mdogo aitwaye Elsbeth. Kabla ya arusi wazazi walimtuma Berlin tena, safari hii kujifunza kupika, kwa sababu bibi harusi asiyejua jikoni ni aibu kwa wazazi. Alikwenda, akachoka, akarudi kabla ya muda. Otto hakuwa mtu mbaya, na yeye ni mmoja wa wachache waliojua mapema kwamba mke wake ana kipaji kikubwa. Hata hivyo Paula alikuwa mke, mama wa kambo, mwenye nyumba, na kazi yake aliifanya katika chumba alichokodi kwa mkulima, mbali kidogo na masufuria. Wamama wanaofundisha asubuhi, wanauza jioni na kusahihisha daftari usiku wanajua siku ya namna hiyo ina saa ngapi.

Aliacha picha za rangi zaidi ya 700, bila kuhesabu michoro ya makaratasi ambayo ni mingi zaidi. Zilizouzwa angali hai zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa tuingie katika nyumba yake. Iko katikati ya Bremen, karibu na uwanja wa soko, katika kichochoro kiitwacho Böttcherstraße. Jina hilo lina maana ya barabara ya watengeneza mapipa. Ni kichochoro kifupi cha mita 110 hivi, unakipita kwa dakika mbili, ila watu wanasimama njiani kwa sababu kuta zake zote ni matofali mekundu yaliyopangwa kwa namna ya ajabu, yakitoka nje, yakiingia ndani, kama mtu aliyesuka mkeka kwa udongo. Aliyejenga upande wa Paula ni mchongaji Bernhard Hoetger. Huyo alikutana na Paula kule Paris mwaka 1906 na kumwambia waziwazi kwamba kazi zake ni kubwa, wakati ambapo karibu hakuna mtu aliyesema hivyo. Paula hakulisahau neno lile, na Hoetger naye hakumsahau Paula.

Mshemeji wangu anayeishi Ujerumani aliniletea kadi nane za picha zinazouzwa mlangoni pa makumbusho hiyo. Nilizipanga juu ya meza darasani. Wasichana wangu wa mwaka wa tano walisimama kwanza mbele ya ile ya mama aliyelala na mtoto. Picha hiyo ni ya 1906. Mama amelala ubavu chini, uchi, mtoto naye uchi kifuani pake, wote wawili wamekunjana, wamelala usingizi ule wa baada ya kunyonya. Hakuna malaika, hakuna taa ya mbinguni, hakuna kikwembe cha bei. Ni miili miwili tu inayopumzika. Wasichana walicheka kwa haya, halafu mmoja akasema, «Huyu anafanana na mama yangu akilala na Josué.» Kicheko kikaisha.

Kadi nyingine inamwonyesha bibi kizee wa nyumba ya maskini, amekaa bustanini kati ya maua, mikono imepumzika mapajani, mwili mpana kama wa malkia. Watu wa kijiji walikuwa wakimwita bibi wa miguu mitatu kwa sababu ya fimbo yake. Ni picha ya 1907, ya mwaka wake wa mwisho. Mimi naiona ndiyo bora kuliko zote. Wafalme wengi wamechorwa Ulaya wakilipa dhahabu, na hawakupata heshima aliyopewa kizee yule asiye na kitu.

Halafu kuna ile inayoleta maneno. Mwanzoni mwa 1906 Paula alimwacha mume wake, akaenda Paris peke yake. Tarehe 25 Mei, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, alijichora mwenyewe, uchi hadi kiunoni, shanga za kaharabu shingoni, mikono miwili imezunguka tumbo lililotokeza, kama mama mwenye mimba. Hakuwa na mimba. Na alipotia sahihi aliandika P.B., yaani Paula Becker, jina la kwa baba yake, bila la mume. Wengi wanaihesabu kuwa picha ya kwanza ambamo mwanamke mchoraji alijichora mwenyewe bila nguo. Najua kati yetu wapo watakaosema mama mwenye heshima hafanyi hivyo, na sitaki kugombana nao. Ila mwangalieni macho. Hamwangalii mwanaume. Anajiangalia mwenyewe katika kioo, na anajiuliza swali ambalo kila mwanamke wa miaka 30 anajiuliza: nimezaa nini mpaka leo, na nitazaa nini tena?

Otto alimfuata Paris mwisho wa mwaka, wakapatana, wakarudi Worpswede katika majira ya 1907. Safari hii mimba ilikuwa ya kweli.

Binti yao Mathilde alizaliwa tarehe 2 Novemba 1907, nyumbani, baada ya uchungu mrefu na mgumu. Paula akaanza kuumwa mguu. Daktari akaamuru alale kitandani, asiinuke. Ndiyo desturi ya wakati ule: mzazi alilazwa siku nyingi bila kugusa chini. Tarehe 20 Novemba aliruhusiwa kuinuka. Walimsaidia kusuka nywele, akatembea mpaka chumba cha pili ambako waliwasha mishumaa, akaketi, akaomba aletewe mtoto. Alikuwa na furaha. Ghafla akainua mguu kwa maumivu, akaanguka. Inasimuliwa kwamba alisema tu, ni huruma gani, akakata roho. Damu iliyoganda mguuni ilikuwa imepanda mpaka kwenye mapafu.

Hapa naacha picha kidogo, kwa sababu kifo hiki kingali kinaua wamama hata leo, hapa kwetu na kule kwao. Katika wiki sita baada ya kuzaa, na zaidi baada ya operesheni, damu ya mama inaganda upesi kuliko siku nyingine. Ndiyo maana siku hizi kwenye materinite mkunga anakuhimiza kuinuka na kutembea polepole mapema, hata kama mama mkwe anasema mzazi asiguse chini. Ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, una joto, unauma kwenye nyama ya nyuma ya goti au chini yake, huo si mguu wa kukandwa kwa maji ya moto wala kusuguliwa kwa mafuta, kwa sababu kuusugua kunaweza kulisukuma lile bonge la damu. Ni mguu wa kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mzazi akishikwa ghafla na pumzi fupi, au maumivu ya kifua, au akikohoa damu, asingojee asubuhi. Mwambieni dada yenu aliyezaa wiki hii, kabla hamjakunja gazeti hili.

Sasa turudi Bremen. Nani alinunua picha za marehemu? Mfanyabiashara wa kahawa. Ludwig Roselius ndiye aliyeanzisha pale Bremen, mwaka 1906, kiwanda cha Kaffee HAG, kahawa iliyoondolewa ile nguvu inayozuia usingizi. Inasemekana alifanya hivyo kwa kuamini kwamba kahawa nyingi ndiyo iliyomuua baba yake. Faida ya kahawa ilijenga kichochoro chote cha Böttcherstraße. Sisi wa Kivu tunaijua kahawa kwa upande wa kuchuma, tangu Idjwi mpaka Kalehe, na nilipokuwa nikisoma habari hii nilijiuliza mara kadhaa ni kuta ngapi za Ulaya zilizosimama juu ya mbegu ile.

Usifikiri Roselius alikuwa malaika. Aliwapenda Wanazi walipochukua serikali. Wao hawakumrudishia upendo: Hitler mwenyewe mwaka 1936 aliishutumu mbele ya mkutano wake mkuu ile sanaa ya Böttcherstraße. Mwaka uliofuata, serikali ilipokusanya sanaa iliyoiita sanaa iliyooza, kazi za Paula kama 70 ziliondolewa katika makumbusho mbalimbali ya Ujerumani. Wamama wenye mikono mizito na watoto wagonjwa hawakufaa kwa wale waliotaka kuonyesha wamama wanene wenye mashavu mekundu wanaozaa askari. Mwaka 1944 mabomu yakaangukia kichochoro chenyewe. Kilijengwa upya baada ya vita, na nyumba ya Paula ikafunguliwa tena.

Bremen ina nyumba nyingine, nitazipitia kwa haraka. Ile Kunsthalle iliyomtukanisha Paula ingali pale, jengo lake lilifunguliwa mwaka 1849, na jambo lake linalonipendeza ni hili: si mali ya serikali, ni mali ya chama. Wapenzi wa sanaa wa Bremen walikiunda mwaka 1823, na mpaka leo wanachama wanatoa michango yao na nyumba ni yao. Likelemba ya miaka 200! Mwaka 1911 mkurugenzi wake, Gustav Pauli, alinunua picha ya shamba la maua mekundu iliyochorwa na Vincent van Gogh, na wachoraji zaidi ya mia wa Ujerumani wakatia sahihi karatasi ya kulalamika kwamba fedha za Wajerumani zinaliwa na wageni. Leo watu wanakuja kutoka mbali kuiona picha hiyohiyo. Pauli huyo ndiye pia aliyezitetea kazi za Paula akiwa hai.

Wakati wa vita Kunsthalle ilificha sehemu ya mali yake katika jumba la kifahari la Karnzow, kaskazini mwa Berlin. Askari wa Urusi walifika mwaka 1945, michoro ikatawanyika. Kapteni mmoja wao, Viktor Baldin, aliokota michoro 362 na picha mbili, akazibeba mpaka kwao ili zisiharibike. Uzeeni aliomba serikali yake izirudishe Bremen. Alikufa bila kuliona hilo, na mpaka leo hazijarudi.

Kando ya Kunsthalle kuna nyumba ndogo ya mchongaji Gerhard Marcks, katika kituo cha zamani cha walinzi wa mji. Ni yeye aliyechonga wale wanyama wanne, punda chini na jogoo juu, wanaosimama karibu na ofisi kuu ya mji tangu 1953. Miguu ya punda inang'aa kwa sababu kila mgeni anaishika kwa mikono miwili akiomba jambo lake. Na katika rasi ya mto kuna Weserburg, makumbusho ya sanaa ya siku hizi iliyofunguliwa mwaka 1991 ndani ya ghala za zamani za kukaangia kahawa. Kahawa tena.

Karibu na stesheni ya treni kuna nyumba isiyo ya picha, nayo inatugusa sisi zaidi. Inaitwa Übersee-Museum, maana yake makumbusho ya ng'ambo ya bahari, na ilifunguliwa mwaka 1896. Ndani kuna vitu vya Afrika, Asia na visiwa vya Pasifiki, vingi vilivyoletwa na meli za wafanyabiashara na wakoloni. Siku hizi wenye nyumba wameanza kuuliza vilitoka wapi na kwa njia gani. Mwaka 2022 walirudisha Hawaii mifupa ya wazee wa kule, ikapokelewa na wajukuu. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, lakini kwa mkopo usio na mwisho. Mtu akikukopesha sufuria ya mama yako, unamjibu nini?

Nyuma ya stesheni anasimama tembo wa matofali, urefu wake mita 10 hivi. Alijengwa mwaka 1932 kuwatukuza wakoloni wa Ujerumani, maana mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Bremen, Adolf Lüderitz, ndiye aliyeanza kujitwalia nchi ya Namibia mwaka 1883. Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990 watu wa Bremen hawakumbomoa tembo, walimbadilishia maana: sasa ni ukumbusho wa kupinga ukoloni. Pembeni yake, tangu 2009, kuna mawe yaliyoletwa kutoka Namibia kuwakumbuka Waherero, Wanama na wengine waliouawa.

Naye mtoto Mathilde? Alilelewa, akakua, akaishi mpaka mwaka 1998. Mama yake hakumjua zaidi ya siku 18, lakini ni yeye aliyeanzisha mfuko unaotunza kazi za mama yake, akautolea picha alizorithi. Kaburi la Paula liko Worpswede. Juu yake Hoetger alichonga mama anayeanguka nyuma, mtoto ameketi mapajani pake.

Zile kadi nane nimemwachia sekretari wetu. Zitakuwa mezani Alhamisi kabla ya mkutano. Wenye watoto wachanga waje nao, kadi zimefunikwa kwa plastiki.